Nani Ameshika Voliumu? Buddy Guy na Miaka Thelathini ya Kuisubiri Studio

Hotuba hii niliitoa Jumamosi jioni mbele ya wapiga gitaa na mafundi wa studio hapa Dar es Salaam. Wengi waliokosa nafasi wameomba maneno yote, nami nayaweka hapa kama yalivyosemwa. Nyimbo tulizozisikiliza ukumbini mtazitafuta wenyewe.

Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Dada zangu, kaka zangu, na vijana wa magitaa mliojazana huko nyuma, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumze juu ya mpiga gitaa mkongwe, nami nimemchagua George Guy, mpiga bluzi, ule muziki wa watu weusi wa Marekani, ambaye dunia inamjua kwa jina la Buddy Guy. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1936 huko Lettsworth, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Tarehe 30 Julai 2025, siku aliyotimiza miaka 89, alitoa albamu mpya. Miaka 89, jamani! Lakini sitaki tuanzie huko. Nataka tukae na albamu yake ya 1991, Damn Right, I've Got the Blues, ile ambayo watu waliiita kurudi kwa Buddy Guy. Na jioni hii nitakuwa na swali moja, nitalirudia mpaka mlichoke: nani alikuwa ameshika voliumu?

Mimi naamini kwamba gitaa lililosikika mwaka 1991 ndilo lile lile lililokuwa likisikika kwenye klabu za Chicago mwaka 1958. Mkono ule ule, makelele yale yale, wazimu ule ule. Aliyebadilika ni mtu wa upande wa pili wa kioo cha studio. Na ilichukua miaka thelathini. Nataka nieleze miaka hiyo ilipitaje, kwa sababu naiona ikipita tena mbele ya macho yetu hapa mjini, kwa watu tunaowajua kwa majina.

Tuanze Lettsworth. Nyumba ya mbao, haina umeme, haina bomba la maji. Baba yake, Sam, na mama yake, Isabell, walilima pamba kwenye shamba la mtu kwa mgawo. Unalima, unapalilia, unavuna, mwenye shamba anakata chake kwanza, na kinachobaki mara nyingi ni deni. Mtoto akaingia shambani mapema. Anakumbuka malipo ya kuchuma yalikuwa dola 2.50 kwa ratili 100 za pamba. Ratili 100 ni kama kilo 45. Nyinyi mliotoka Shinyanga na Mwanza mnajua maganda makavu ya pamba yanavyochana vidole. Mnajua pia pamba ilivyo nyepesi, na kilo 45 zinakusanywa kwa muda gani na mikono ya mtoto.

Gitaa lake la kwanza alilitengeneza mwenyewe. Dirishani palikuwa na wavu wa kuzuia mbu, naye akawa anachomoa nyaya moja moja, anazikaza kwenye ubao kwa misumari, anazikwangua zitoe sauti. Mama yake akabaki kushangaa mbu wote wale wanapitia wapi. Nani humu hajawahi kufunga nyuzi za waya wa breki ya baiskeli kwenye galoni la mafuta? Naona mikono. Basi huyu mnamfahamu, hakuna haja ya kumtambulisha zaidi.

Kibao cha kwanza alichokimudu ni Boogie Chillen' cha John Lee Hooker. Jina la Hooker mlishike, atarudi baadaye. Kisha alipohamia Baton Rouge akiwa kijana, mtu asiyemjua alimkuta barazani anahangaika na gitaa bovu, akamchukua hadi dukani akamnunulia gitaa la Harmony. Hakumdai kitu. Gitaa lile leo limehifadhiwa kwenye makumbusho ya Rock and Roll Hall of Fame, mjini Cleveland.

Sasa nisikilizeni kisa cha waya, maana bila kisa hiki mengine yote hayaeleweki.

Miaka ile kulikuwa na mwanamuziki aliyeitwa Guitar Slim, aliyetamba sana mwaka 1954 na wimbo The Things That I Used to Do. Akaja kupiga Baton Rouge. Kijana Buddy akawahi, akasimama mbele kabisa ya jukwaa. Bendi ikaanza. Gitaa linasikika, tena linalia kweli kweli, lakini mpigaji haonekani. Jukwaani hayupo. Buddy akadhani wamewasha santuri. Mara mlango wa nje ukafunguliwa, na Guitar Slim akaingia amebebwa na mtu kama mtoto mdogo, suti nyekundu, gitaa mikononi, waya mrefu unaburuta nyuma yake mpaka kwenye amplifaya. Alikuwa akipigia huko nje!

Anasema usiku ule aliamua mambo mawili. Gitaa atalipiga kama B.B. King, bingwa wa gitaa la bluzi, na jukwaani atakuwa kama Guitar Slim. Kupiga kama B.B. King ni kuusukuma uzi kwa kidole mpaka sauti ipande, halafu kuutetemesha hapo hapo ulipo ili noti ilie kama mtu. Wapiga solo mnanielewa: noti moja tu, ukiitetemesha vizuri, inatosha mstari mzima. Na kuwa kama Guitar Slim ni kukataa kusimama mahali pamoja.

Tarehe 25 Septemba 1957 akapanda treni kwenda Chicago. Nyuma aliacha kazi ya usafi kwenye chuo kikuu cha jimbo na mama aliyekuwa ameshapigwa na kiharusi. Alimwahidi mama kwamba atapata pesa na atarudi amemnunulia gari la Cadillac lenye madoa ya mviringo. Ahadi ya mtoto kwa mgonjwa, mnaijua. Chicago ikampokea kwa njaa. Kwa masimulizi yake, alifika siku ya tatu bila kula ndipo mtu mmoja akamwingiza kwenye klabu ya 708, mtaa wa 47, ambako Otis Rush alikuwa akipiga, akaombewa nafasi. Akapiga. Mtu akakimbilia simu kumwita Muddy Waters.

Muddy Waters wakati huo ndiye mzee wa mji. Chicago yote ya bluzi ilipitia mikononi mwake. Akaja na gari lake jekundu la Chevrolet, akamwita kijana ndani ya gari, na jambo la kwanza alilofanya ni kumpa mkate na nyama. Hakuanza kwa kumpa nasaha. Alianza na mkate. Nalisema hili mbele ya wazee wetu kwa heshima zote, na mbele yetu sisi tunaojiita walezi wa vipaji.

Mwaka 1958 akashindana kwa magitaa na Otis Rush na Magic Sam, na shindano hilo likampatia mkataba wake wa kwanza wa kurekodi. Akanunua waya wa zaidi ya futi mia. Katikati ya wimbo anashuka jukwaani, anapita kati ya meza, anafungua mlango, anatoka nje kwenye theluji, na wimbo unaendelea. Watu wa barabarani wanamfuata wakirudi naye ndani. Wakubwa kama Muddy walipiga wakiwa wameketi kwenye viti. Yeye aliona kwamba akikaa kitini kushindana nao kwa ufundi, hatawaweza. Basi akasimama, akatembea, akaifungua amplifaya mpaka mwisho. Na amplifaya ikifunguliwa hivyo, gitaa likasogezwa karibu na spika, sauti inajizungusha yenyewe, inalia bila kuguswa. Mafundi wengi waliona ni hitilafu. Yeye aliona ni sauti nyingine ya kutumia.

Ndugu zangu, huyo ndiye Buddy Guy wa klabu. Sasa tumfuate studio.

Mwaka 1960 alianza kurekodi na kampuni ya Chess, ya ndugu wawili wahamiaji kutoka Poland, Leonard na Phil Chess. Ofisi na studio zilikuwa namba 2120, South Michigan Avenue. Kwa mpiga bluzi wa Chicago, hapo ndipo palikuwa kilele. Muddy Waters yupo hapo, Howlin' Wolf yupo hapo, Willie Dixon anatunga hapo. Buddy akaingia na gitaa lake na makelele yake. Akaambiwa apunguze. Leonard Chess aliyaita yale makelele tu. Nani alikuwa ameshika voliumu?

Desemba 1961 wakarekodi Stone Crazy. Ni wimbo wa taratibu wa takriban dakika saba, gitaa linaongea na mwimbaji mpaka unasahau nani kaanza. Ukakatwa ili uingie kwenye santuri ndogo ya redio. Hata ukiwa umekatwa, mwaka 1962 ulifika nafasi ya 12 kwenye chati ya Billboard ya muziki wa watu weusi. Wimbo mzima ulikuja kutoka miaka kadhaa baadaye, yeye akiwa ameshaondoka kwenye kampuni. Fikirini: wimbo pekee uliomwingiza kwenye chati miaka ile, watu waliununua bila kuusikia wote.

Wakamgeuza mpigaji wa kuazimwa. Ukisikiliza Killing Floor ya Howlin' Wolf, Buddy yumo. Wang Dang Doodle ya Koko Taylor, yumo. Ni kazi nzuri sana, siibezi, lakini ni kama kumwajiri mpishi halafu kumpa kazi ya kumenya vitunguu vya mwenzake. Kisa kinachonigusa ni cha albamu ya Muddy Waters, Folk Singer, ya 1964. Leonard Chess alitaka gitaa la kawaida, lisilo la umeme, lipigwe kwa mtindo wa zamani wa Mississippi. Akamwambia Muddy atafute mzee wa kumsindikiza. Muddy akaja na Buddy, kijana wa miaka 27. Leonard akakasirika, akauliza huyu mtoto anajua nini. Muddy akasema mwache apige. Albamu hiyo sikilizeni kwa spika nzuri: noti zimehesabiwa, vidole vinasikika vikigusa uzi, na kijana anamwachia mzee nafasi ya kuvuta pumzi kila mstari. Kwa hiyo msije mkadhani mtu huyu alipiga kelele kwa kuwa hajui kupiga polepole. Alijua vyote viwili. Studio ilimruhusu kimoja.

Mwaka 1965 rafiki yake Junior Wells, mpuliza harmonika, alimchukua kurekodi Hoodoo Man Blues kwa kampuni ndogo ya Delmark. Kwa sababu ya mkataba wa Chess, jina lake halikuandikwa kwenye santuri za mwanzo. Aliitwa Friendly Chap, yaani jamaa mwema. Amplifaya yake ikaharibika katikati ya kazi, na wakati wakiitengeneza, fundi akaunganisha gitaa kwenye spika la kinanda cha Hammond. Sauti ikawa inazunguka kama iko ndani ya maji. Wakaiacha hivyo hivyo. Leo albamu hiyo inahesabiwa miongoni mwa rekodi bora kabisa za bluzi za Chicago. Fundi hakumwambia apunguze, alimtafutia spika jingine. Kumbe inawezekana!

Mwaka huo huo wa 1965 alikwenda Uingereza. Kijana wa huko, mpiga gitaa Eric Clapton, akamwona akipiga na watu wawili tu, besi na ngoma, na amesema mara nyingi kwamba wazo la kuunda bendi ya watu watatu lilimjia hapo. Mpiga gitaa mwingine, Jimi Hendrix, naye alikwenda New York kumsikiliza akiwa na kinasa sauti. Vijana hawa wakayachukua yale makelele, wakayapeleka kwenye viwanja vya michezo, wakawa matajiri. Mwalimu wao mwaka 1967 mchana alikuwa akiendesha gari la kuvuta magari mabovu jijini Chicago, usiku anapiga klabu. Mwaka huo Chess walimtolea albamu yake ya kwanza, na ndiyo pekee waliyomtolea alipokuwa kwao.

Na hapa Buddy anasimulia jambo ambalo nikiwa fundi wa studio ningeliandika ukutani. Leonard Chess alimtuma Willie Dixon amwite. Alipofika, Leonard akamwekea santuri ya wale vijana wapya, amplifaya zinalia, nyuzi zinapiga mayowe. Kisha akainama, akamgeuzia makalio, akamwambia nipige teke. Kwa nini? Kwa sababu umetuletea kitu hiki tangu siku ya kwanza, na sisi hatukuwa na akili ya kukisikia. Yule mwenye voliumu alikiri mwenyewe. Lakini kukiri hakurudishi miaka saba, na muda mfupi baadaye Buddy akahamia kampuni ya Vanguard.

Mama yake alifariki mwaka 1968, hakuwahi kumwona mwanawe akiwa jukwaani. Yale magitaa yake meusi yenye madoa meupe mnayoyaona kwenye picha, na mashati ya madoa, ni kwa ajili ya ile Cadillac ambayo haikununuliwa.

Wengi hamjui kwamba mtu huyu alipita upande wetu. Mwaka 1969 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilimtuma na bendi yake kwenye ziara ya Afrika Mashariki. Serikali yake ilimwona anafaa kuipeperushia bendera nje, miaka miwili tu baada ya kuvuta magari mabovu. Kama kuna mzee humu aliyemwona, tafadhali baada ya hotuba anitafute, nataka kumsikiliza kwa muda wote alio nao.

Miaka ya sabini nitaipita haraka. Alizunguka Ulaya na bendi ya Kiingereza ya Rolling Stones mwaka 1970. Mwaka 1972 alikuwa miongoni mwa waliofungua klabu ya Checkerboard Lounge, mtaa wa 43, South Side, ukumbi mdogo wa kawaida kabisa ambao mwaka 1981 Muddy Waters na Rolling Stones walipiga pamoja usiku mmoja. Lakini Muddy alifariki tarehe 30 Aprili 1983, na muziki wenyewe ukawa kama umekwenda naye. Redio hazikuupiga. Buddy alirekodi vitu vichache kwa kampuni ndogo za Ulaya, na kwa zaidi ya miaka kumi hakuna kampuni ya Marekani iliyompa mkataba.

Muulizeni mwanamuziki yeyote miaka kumi bila mkataba inamfanya nini mtu. Wengine wanauza gitaa. Wengine wanaanza kupiga nyimbo za harusi kwa mtindo ambao hawaupendi, mwishowe wanasahau wao walikuwa nani. Yeye alifanya nini? Mwaka 1989, akiwa na miaka 52, alifungua klabu nyingine, Buddy Guy's Legends, katikati ya Chicago, Wabash Avenue. Akawapa jukwaa wenzake, na yeye mwenyewe akapiga pale. Nawaomba tukae hapa kidogo. Kabla kampuni yoyote haijamkumbuka, alikuwa tayari na ukumbi wake, amplifaya zake, na pale voliumu ilikuwa mkononi mwake. Watu wanaosimulia kurudi kwake wanaanza na Clapton na London. Mimi naanza na Legends, kwa sababu mtu asiyepiga kila wiki hawezi kuitwa London akaenda akapiga vile.

Mwaka huo huo wa 1989, John Lee Hooker, yule wa kibao cha kwanza, alitoa The Healer akiwa mzee, akisindikizwa na vijana waliomheshimu, ikauza na wimbo wake mmoja ukapata Grammy, tuzo kubwa ya muziki ya Marekani. Makampuni yakaanza kuuliza: wazee wengine wako wapi? Clapton akamwita Buddy kwenye usiku wa bluzi katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mwaka 1990 na tena 1991. Na kampuni ya Kiingereza, Silvertone, ikamfuata na mkataba. Mtu wa Chicago, kwenye jiji lililojaa studio, akapewa mkataba na Waingereza.

Wakarekodi London, katika studio za Battery. Prodyuza alikuwa John Porter. Wageni walikuja, wapiga gitaa wote: Clapton, Jeff Beck, Mark Knopfler. Safari hii gitaa liliwekwa mbele. Anapoanza wimbo wa kwanza, ule wenye jina la albamu, gitaa linakuja kwa hasira na sauti yake inapasuka juu yake, na hakuna aliyempunguza. Kuna wimbo Let Me Love You Baby, utunzi wa Willie Dixon, ambao alikuwa ameurekodi Chess mwaka 1961. Wimbo ule ule, mtu yule yule. Ule wa 1961 ni mfupi, umenyooshwa, gitaa linachungulia kwenye nafasi ndogo kati ya maneno. Ule wa 1991 gitaa linaingia na viatu sebuleni. Ukitaka kuona miaka thelathini inafananaje, weka nyimbo hizo mbili moja baada ya nyingine.

Niseme ninavyoiona albamu hii, maana sikuja kusifu tu. Wageni maarufu walisaidia kuiuza, na Jeff Beck kwenye Mustang Sally anafurahisha, lakini huo ndio wimbo ninaoupenda kidogo kuliko yote. Unanuka baa. Penye uzito ni kwenye nyimbo za taratibu, Five Long Years na Black Night, ambako hana mgeni wa kumfurahisha. Na pale mwisho kuna Rememberin' Stevie. Stevie Ray Vaughan, kijana wa Texas aliyemsifu Buddy kila alipopewa nafasi, alipiga jukwaa moja naye huko Alpine Valley, Wisconsin, Agosti 1990. Usiku ule ule helikopta iliyombeba ikaanguka, akafa akiwa na miaka 35. Rememberin' Stevie haina maneno. Ni gitaa tu, mzee anamlilia kijana. Sisi tumezoea kijana ndiye amlilie mzee.

Albamu ilipotoka mwaka 1991 alikuwa anaingia miaka 55. Ikampatia Grammy yake ya kwanza. Ya kwanza, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya kurekodi! Zikaja nyingine. Ikaja Rock and Roll Hall of Fame mwaka 2005, alipotambulishwa na Clapton na B.B. King. Ikaja heshima ya Kennedy Center mwaka 2012, na mwaka huo huo akiwa Ikulu ya Marekani alimsukuma Rais Obama mpaka akaimba.

Mimi tuzo hazinishughulishi sana. Kinachonishughulisha ni kile alichofanya na uhuru alioupata. Mwaka 2001, akiwa na miaka 64, alikwenda Oxford, Mississippi, akarekodi Sweet Tea, nyimbo nyingi zikiwa za wanamuziki wa vilima vya huko, kama Junior Kimbrough. Anafungua na Done Got Old, yuko na gitaa lisilo la umeme, anaimba kwamba amezeeka, hawezi tena aliyokuwa akiyaweza. Unamhurumia. Halafu wimbo wa pili unaanza na amplifaya inanguruma mpaka spika za nyumbani kwako zinalalamika. Kwangu mimi Sweet Tea inaizidi ile ya 1991. Lakini bila ya 1991 nani angempa pesa za kwenda Mississippi kufanya fujo ile?

Sasa nageukia kwenu mafundi na maprodyuza, na nitasema wazi kwa sababu nawapenda. Wazee wa dansi wapo mjini hapa. Mpiga solo aliyewachezesha wazazi wetu anaishi mtaa mmoja na wewe. Anapoingia studio yako unafanya nini? Unamtengenezea biti kwenye kompyuta, unamwambia mzee wimbo usizidi dakika tatu, gitaa lishuke kidogo lisizidi sauti ya mwimbaji. Chemko, ile sehemu ambayo bendi inafunguka na magitaa yanajibizana mpaka watu wanatoa jasho, unaikata. Ndiyo Stone Crazy hiyo! Unamwita mtu kwa sifa zake, halafu unazizima zile zile sifa.

Mnachotakiwa kufanya si kigumu. Mleteni na wenzake, siyo peke yake. Mpeni amplifaya anayoitaka, hata kama ni kuukuu na ina mtetemo. Washeni mtambo kabla hajaanza, kwa maana wapigaji wa dansi wanapasha moto na huko kwenye kupasha ndiko kunakuwa na utamu. Muacheni amalize. Ukitaka kukata utakata baadaye, lakini kile kizima kitakuwepo. Na jina lake liandikwe, jina kamili, na nani kapiga ridhimu, nani besi, nani ngoma. Asiitwe jamaa mwema. Na mlipeni siku ile ile. Mkate kwanza.

Wapo watakaoniambia soko halitaki. Leonard Chess naye alikuwa mfanyabiashara hodari, alijua soko, alilijua kuliko sisi wote humu. Na aliishia kuinama.

Nimekaa sana kwenye maikrofoni. Utaratibu uliobaki ni huu: tutasikiliza Let Me Love You Baby ya 1961, kisha ya 1991, kwa voliumu moja, fundi usiguse kitu katikati. Baada ya hapo ni maswali, na tutaanza na wazee. Vile vile meza ya pale mlangoni kuna daftari. Kama una mzee anayepiga gitaa, andika jina lake na mtaa anaokaa. Wenye studio watatu wamenikubalia hapa mbele yenu kutoa siku nzima bila malipo, na tungependa kuanza mwezi huu. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza.